Dawa Iliyoogopa Jua

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Vyura tena. Niliwachoma sindano chini ya balbu nyekundu, nikasubiri walegee, nikawabeba kwenye beseni hadi dirishani. Jua likawapiga. Wakaruka. Mmoja aliruka nyuma ya kabati na mpaka nafunga maabara sijui alikojificha.

Sijazoea bado. Chura aliyelegea ukimshika mguu unaning'inia tu, macho wazi, hata hakulaumu. Halafu mwanga, na mguu unakuponyoka mkononi. Leo nilipiga yowe peke yangu kama mtoto.

Namba Tisa, dawa niliyowachoma, ni bora kuliko zote nilizotengeneza. Najisifu kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Profesa wangu aliondoka mwaka jana nchi jirani zilipotuwekea vikwazo vya biashara. Aliniachia ufunguo, friji inayokoroma, na maneno mazuri ya kunipa moyo. Maneno mazuri hayanunui kemikali.

Naandika wazo lote upya kwa Kiswahili. Nikishindwa kulieleza kwa lugha ya mama, basi sijalielewa. Msuli hausogei wenyewe. Neva inatoa kemikali kidogo, kemikali inakaa kwenye kipokezi juu ya seli ya msuli, msuli unajikaza. Sumu ya mishale ya wawindaji hukikalia kipokezi hicho na kuziba nafasi. Mnyama analegea, kisha pumzi zinakoma, kisha chakula cha jioni. Namba Tisa ni binamu wa sumu hiyo, ila katikati nimeiwekea bawaba. Gizani imenyooka, inaenea kwenye kipokezi. Mwanga ukiipiga inajikunja, haienei tena, inatoka. Daktari akiona mgonjwa anashindwa kupumua, awashe taa. Hiyo ndiyo ndoto yangu.

Tatizo ni nyama. Weka tochi chini ya kiganja uone. Kinachovuka ni wekundu tu. Mwanga unaoikunja dawa yangu hauvuki nyama, na mwanga unaovuka nyama hauikunji dawa yangu. Nimeongeza vipande pembeni ya molekuli ili ikubali rangi za mbele zaidi. Tisa inakubali kidogo. Wekundu bado inaukataa. Mkaidi amepata mkaidi mwenzake.


Alhamisi, 9 Oktoba

Sungura amekufa.

Nilimpa Tisa nyingi mno. Pumzi zikasimama. Nikakimbia naye uwanjani, jua la saa sita, nikamlaza. Hakuna kitu. Manyoya, ngozi, nyama, mwanga umekwama juu juu.

Ila masikio yalicheza. Sungura alikuwa amekufa, au karibu kabisa, na masikio yake membamba yakageuka kunifuata nilipozunguka. Mwili wote umelala, masikio yanasikiliza.

Niliogopa. Nilimfukia kwa mikono bila kutafuta jembe.


Jumapili, 12 Oktoba

Nyumbani siku nzima. Buyenzi, mtaa wetu wa mafundi hapa Buja, haijui Jumapili. Nyundo za mafundi wa bodi tangu asubuhi, mtu anajaribu injini bila ekzosi, mtoto wa jirani anasoma Kurani kwa sauti ili aishinde injini.

Iddi aliona vidole vyangu. Rangi ya machungwa, haitoki hata kwa sabuni ya kufulia. Tisa ni rangi kabla ya kuwa dawa. Akasema: "Dada, we unapikaka pilau kule chuo, na sisi unatunyima?" Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Mdogo wangu huyu ana miaka ishirini na mitatu na hajawahi kusema jambo la maana kabla ya kusema la kuchekesha.

Anachechemea. Alikanyaga msumari gereji wiki iliyopita. Nikamwambia anionyeshe. Tundu dogo, jeusi pembeni. Alikuwa amelitia oili chafu, kama wanavyofanya mafundi wote hapa. Oili ya injini inakausha kidonda, wanasema, na babu zao walisema. Nikamwosha, nikamgombeza. Akaniambia mi ni daktari wa vyura.


Jumatano, 15 Oktoba

Iddi alishindwa kuuma andazi. Alijaribu tena, akalikata kwa vidole, akalisukuma pembeni mwa mdomo. Mama akadhani ni jino.

Nilimwambia afungue mdomo. Ulifunguka upana wa kidole kimoja. Shingo ngumu. Alikuwa anatabasamu, na macho yake hayakuwa yanatabasamu.

Mimi sikucheka. 


Alhamisi, 16 Oktoba

Pepopunda. Nilijua tangu jana.

Daktari Leonidas, tuliyesoma naye sekondari, alimdunga serumu na kusafisha kidonda. Hospitali imejaa majeruhi wa vita kutoka vijiji vya milimani, wamelala hata koridoni. Jenereta inanguruma, watu wanalia. Kila sauti ilimkunja Iddi. Leonidas alinivuta kando.

"Zuhura, machine ya kupumulia haiko. Ya mwisho imeharibika, na pièces za kuitengeneza haziingie juu ya hii embargo ya majirani. Hapa kelele itamuua. Mupeleke nyumbani. Chumba cha giza, kimya, mutu asimuguse. Nitakupa diazepamu yenye nimebakisha, itamulegeza kidogo."

Alichobakisha ni kidogo. Alinipa akitazama ukuta.

Ugonjwa wenyewe hauna siri. Sumu ya kidonda imezima breki za neva. Kila msuli unapokea amri ya kujikaza na hakuna wa kuamuru basi. Mwanga, sauti, mguso, kila kimoja ni amri. Huua pale unapokamata kifua.


Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeziba dirisha la chumba chake kwa blanketi na maturubai. Giza totoro mchana kweupe.

Mzee Shabani amefanya jambo ambalo sitalisahau. Anauza vipuri mbele ya kwetu, na yeye ndiye anayeosha maiti za mtaa. Alipita gereji moja moja akawaambia watu waache nyundo. Wakaacha. Wote. Wanapeleka kazi zao barabara ya pili. Hakuna injini, hakuna redio. Buyenzi kimya mchana, na watu wanapita kwa vidole vya miguu. Ni kama mtaa mzima umekufa ukaacha nguo zikining'inia kambani. Ninashukuru na ninatishika.

Mama anapigana nami juu ya taa. Anaileta, naiondoa. Anaileta tena. "Giza ni ya kaburi, Zuhura. Mi siwezi kuacha mutoto mu giza akiwa muzima."

Najua anachokiona. Baba aliondoka mwaka wa tisini na tano kupeleka gia boksi mtaa wa Kinama, siku zile za mauaji, na hakurudi. Hatukupata mwili, hatukupata kiatu. Mama hakumwosha, hakumfunga sanda, hakujua pa kusomea dua. Tangu hapo hawezi kuvumilia mtu wake awe mahali asipoweza kumwona.

Nilimwambia taa itamuua. Akaizima mwenyewe. Amekaa nje ya mlango na tasbihi.


Jumapili, 19 Oktoba

Kikohozi changu kimoja kilimfanya upinde. Kisogo na visigino tu vilivyogusa godoro. Nikasikia meno.

Uso ndio mbaya zaidi. Meno yote nje, nyusi juu, anacheka cheko ambalo si lake. Nikipitisha kitochi chenye kitambaa chekundu ninaliona, linanicheka, halafu macho yanasogea polepole kunitafuta. Yumo ndani. Anajua kila kitu. Pepopunda haigusi akili, hiyo ndiyo laana yake.

Mama aliuliza kama jina la ugonjwa linasema kweli, kama ni pepo. Nikasema ni kijidudu cha mavumbini. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa ramani.


Jumanne, 21 Oktoba

Diazepamu inaisha. Leonidas hana nyingine, maduka ya dawa ya Rohero, katikati ya mji, hayana, mtu wa magendo ana vidonge vya chokaa.

Mashambulizi sasa yanashika kifua. Anakuwa wa bluu, kwa tochi yangu nyekundu ninamuona mweusi. Halafu shambulio linaachia, hewa inaingia kwa mlio. Iko siku halitaachia.

Ninaandika niliyokataa kuyafikiria tangu Ijumaa. Kinachotakiwa ni dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo ninayo, iko kwenye chupa niliyoifunika kwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Inafanya kazi gizani. Iddi yuko gizani.

Sungura naye namkumbuka.


Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeipima tena na tena. Kiasi kidogo sana, cha kulegeza taya na mgongo na kukiachia kifua. Misuli ya uso na shingo hulegea kwanza, ya kupumulia mwisho. Ndivyo ilivyo kwa wanyama. Kati ya hiyo na hiyo kuna nafasi nyembamba, ninataka kumpitisha mdogo wangu humo.

Mwanga haufiki kwenye kifua, kwa hiyo taa si kinga. Kinga ni mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono. Leonidas anao mmoja. Ameahidi kunipa kesho asubuhi akitoka zamu. Sikumwambia wa nini. Hakuuliza, na mimi nilimshukuru kwa kutouliza.

Mama nimemwambia kuna dawa ya kulegeza. Akasema bismillah.




Ijumaa, 24 Oktoba, asubuhi

Sikuweza kusubiri mfuko. Baada ya swala ya alfajiri lilikuja shambulio refu kuliko yote. Lilipomwachia nilimdunga Namba Tisa mkononi bila kuwaza tena.

Taya limelegea. Nimelishika, linasogea. Mgongo umelala kwenye godoro. Cheko limeondoka usoni, nimemuona Iddi tena. Nililia. Niliweka sikio mdomoni mwake, pumzi ipo, ndogo, juu juu, lakini inaenda bila kukatika. Ndogo kuliko ninavyotaka.

Nakimbilia mfuko. Mama yuko mlangoni. Nimemwambia mlango usifunguliwe, asiguswe.


Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaamini.

Leonidas alinipa mfuko haraka. Lakini nikirudi, daraja la mto Ntahangwa lilikuwa limefungwa. Risasi zimesikika upande wa Kinama, askari hawaruhusu mtu. Nilionyesha mfuko, kadi ya chuo, machozi. Askari mmoja aliubonyeza mfuko mara mbili, akacheka ulivyopumua. Tulikalishwa chini kando ya barabara, wauza ndizi, watumishi wa ofisi, mimi. Jua likapanda. Nilikuwa nahesabu pumzi za mtu asiye mbele yangu.

Walipofungua nilikimbia njia nzima. Nikaingia mtaani, nikasikia ubani kabla sijaona kitu.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Uani pazia limetundikwa, pale panaposimama motokari za wateja wa mafundi. Ndoo, kata, harufu ya kafuri. Wanaume wamesimama kwa ukuta. Walitaka kumuwahisha, azikwe baada ya swala ya Ijumaa.

Nilielewa mara moja, nikashika nguzo ya baraza. Nilikuwa nimemwambia Mama asifungue mlango. Sikumwambia mtoto wake ataonekanaje. Aliingia kusikiliza, akaita, hakujibiwa. Akapapasa usoni gizani. Taya lililokuwa limefungwa siku zote hizi likacheza mkononi mwake. Hapa kila mtu anajua pepopunda humwachia mtu akishakufa. Aliweka kiganja puani, kiganja cha mwanamke aliyekwangua masufuria miaka arobaini, hakuhisi kitu. Basi akafanya kila ambacho mama hufanya. Alimfumba macho. Alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani, fundo utosini. Alimnyoosha miguu. Akamfunika.

Na Iddi macho, ndani ya mwili usiotii, anasikia yote. Hilo nalijua kwa kemia, sihitaji kuambiwa. Namba Tisa inakalia vipokezi vya misuli tu. Kwenye ubongo haiingii.

Nilikuwa bado nashikilia nguzo ya baraza pale ndoo ilipoanguka nyuma ya pazia. Vijana wawili waliokuwa wakishika maji walitoka mbio, mmoja bila viatu. Mzee Shabani hakutoka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita bei ya plagi:

"Huyu mutu anapepesa macho."

Mwanamke haingii kule. Niliingia.

Iddi alikuwa juu ya ubao, shuka kiunoni, maji yanamtiririka. Jua la utosini limempiga usoni. Mwili wote umelala, mikono imelegea imefunguka. Kope tu ndizo zilizokuwa zikicheza. Haraka, haraka, mfululizo, kope mbili kwenye uso wa maiti. Kope ni nyembamba, mwanga unavuka. Kisha midomo, pembeni tu. Kisha ncha za vidole, pale kwenye kucha. Jua lilikuwa linamfungua sehemu moja moja, zile nyembamba tu, mengine limeyaacha.

Mzee Shabani alikuwa amesimama na kata mkononi, anasoma chini kwa chini. "Mi nimeosha watu wengi," alisema. "Maiti anaweza kutoa sauti. Anaweza kutoa hewa. Kupepesa, apana."

Nilikata kitambaa kwa meno. Nikambandika mfuko mdomoni nikabonyeza. Kifua kikapanda. Niliubonyeza mpaka vidole vikafa ganzi, Mzee Shabani akaupokea, nikaupokea tena. Sijui muda gani. Watu wa swala walipita barabarani, ikarudi kimya, na kifua kikaanza kunipinga, kikataka kuvuta chenyewe.

Halafu uso ukaanza kukaza. Nyusi zikapanda. Midomo ikavutika, meno yakatoka, cheko lile baya likarudi pole pole juani mbele ya watu wote. Wanawake walikuwa wameshainua pazia. Mmoja alianguka. Wengine wakakimbia wakimtaja Mungu.

Mimi nilicheka. Nilifurahi kuliona lile cheko kuliko nilivyowahi kufurahia kitu chochote duniani.

Mama hakukimbia. Alisimama na chupa ya kafuri mkononi. Tulimbeba Iddi tukamrudisha gizani.


Jumatatu, 27 Oktoba

Nimempa tena. Ndiyo. Nusu ya kile kiasi, mfuko kando, na mimi siondoki. Safari hii nilimwambia Iddi sikioni kila kitakachotokea, na nikamwambia Mama vilevile, neno kwa neno. Mama ameshika mfuko mapajani kama mtoto mchanga. Amejifunza haraka kuliko wanafunzi wangu.

Leonidas alikuja. Nilimweleza yote. Alikasirika sana, akakaa chini, akaanza kupima mapigo ya moyo.

Hatujaagiza tena nyundo zikae kimya. Hakuna haja. Watu hawapiti mbele ya kwetu.


Jumapili, 2 Novemba

Kwenye bomba la maji wamesema tuliyemrudisha siye aliyekwenda. Kuna mtu kamwaga chumvi kizingitini. Aliyekuja peke yake ni Mzee Shabani, na yeye alikaa nje, akatazama mlango wa chumba, akaondoka bila kunywa chai. Amemwambia Mama hataosha tena mtu kivulini. Ataweka kila mtu juani kwanza, na atangoja.

Iddi anapata mashambulizi machache zaidi. Tisa sasa ni kidogo mno, karibu hakuna.

Silali. Nikifumba macho naona kope.


Jumanne, 11 Novemba

Jana hakuna shambulio. Leo hakuna. Amekunywa uji kwa kijiko, mdomo umefunguka upana wa vidole viwili.

Tisa nimeacha. Alhamdulillah, na asante, na kwisha.

Nimeondoa maturubai dirishani, nikaacha blanketi. Anatazama ule mstari wa mwanga ukutani asubuhi yote. Anatazama vidole vyake.


Jumatano, 26 Novemba

Amezungumza. Sauti ya kutu. Mama alikuwa sokoni.

Nilikuwa nimejitayarisha anitukane. Sikujitayarisha kwa alichosema.

Alisema mle gizani hakuumwa. Mara ya kwanza tangu siku ya andazi, mwili wote ulikuwa kimya. Alijua yuko hai, na alijua hawajui. Alijaribu kusogeza kidole, kidole kikawa cha mtu mwingine. Aliogopa kidogo, halafu akachoka kuogopa. Maji yalikuwa ya baridi. Jua lilipomfikia, maumivu yakarudi kupitia machoni.

Nikamwomba radhi. Akasema si hilo linalomkalia moyoni.

"Nilimusikia mama," alisema. "Wakati ananifunga kitambaa. Hakulia, dada. Alikuwa anashukuru. Alisema: alhamdulillah, huyu nimemuona, huyu nimemushika, huyu atalala pahali ninajua. Alirudia, alirudia. Sijawahi kumusikia na furaha vile tangu baba apotee."

Nikamwambia mama alikuwa amechanganyikiwa.

"Apana," akasema Iddi. "Alikuwa ametulia kabisa."


Jumapili, 30 Novemba

Nimemwambia Mama kwamba Iddi alisikia. Sikutaka, ila alikuwa akiniuliza kwa nini mtoto anamkwepa macho.

Alikuwa anachambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa uani.

"Ile asubuhi nilikuwa na amani," alisema. "Mungu anisamehe. Nilisema mu roho yangu, huyu hawatamukamata ku njia. Huyu amenifia mu mikono, mu kitanda, na maji ya kumuosha iko. Watu wangapi wamepata hiyo hapa Buja? Halafu we ukamurudisha."

Sikujua kama ananilaumu. Nadhani naye hajui.

Baadaye aliingia chumbani kwa Iddi, akafunga mlango. Sikusikiliza. Alipotoka alikuwa amelia, naye Iddi alikuwa amelia, na wote wawili waliniuliza mbona chai haijawekwa motoni.


Jumanne, 9 Desemba

Maabara. Vumbi kila mahali. Chura wa nyuma ya kabati nimemkuta amekauka.

Nimekaa mbele ya ubao. Namba Kumi ningeitaka iukubali wekundu, ili taa ifike hadi kifuani. Hilo najua jinsi ya kuanza kulifikiria. Lakini dawa ya kulegeza mwili na kuacha akili macho peke yake gizani, lazima iende na dawa nyingine ya kulaza akili. Vyura hawakuwahi kuniambia. Nilijua kwa vitabu na sikujua.

Nimefuta ubao nikaanza upya. Mkono bado una rangi ya machungwa kwenye kucha.


Alhamisi, 18 Desemba

Iddi amerudi gereji. Wiki hii anaanza na kazi nyepesi, kusaga rangi na kupangusa. Mafundi walimpokea kwa kelele nyingi mno, kisha hawakumpa mkono. Kesho watampa.

Asubuhi alivaa viatu, vile vya soli ngumu, alivyoagizwa na Leonidas. Mama alimfuata mpaka mlangoni. Alimtazama akipita duka la Mzee Shabani, akapita msikiti, akakunja kona. Alibaki amesimama hapo, mkono kwenye fremu. Nilipita na beseni la nguo, bado yuko. Nilianika, nikarudi, bado yuko.

Mchana mizinga ilisikika milimani, mbali. Mama aliacha kufagia, akasikiliza, akafagia tena palepale alipokwisha kufagia.

Iddi alichelewa jioni. Gari la mteja lilikataa kuwaka, alisema baadaye. Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa. Mama alikuwa amekaa anaangalia mlango na mimi namwangalia yeye. Iddi alipoingia alinukia rangi na tina ya kuiyeyushia. Mama alimwambia akanawe. Akanawa, tukala.